Chuma cha Radi Kwenye Migomba ya Ndugu Yangu

Kwetu, upande wa Kianjai, mtu anaweza kujenga ghorofa kwenye shamba la baba yake na ndugu zake wakaja kula chakula cha kuifungua. Lakini akipigilia chuma ardhini, hata kama kinachoonekana ni kichwa tu, wataamka wote. Nilizaliwa pale, na nilipaswa kulijua hilo. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimesoma.

Mama alikuwa amechoka kuvuta maji. Kisima chetu ni kirefu, na kila ndoo aliipandisha kwa kamba, kisha akashika kiuno na kusimama kidogo kabla ya kuirudisha tena. Nikaamua kumwekea pampu ya sola. Ndugu yangu, kitindamimba aliyebaki nyumbani kulima, alifurahi kuliko mimi. Paneli zilipofika alizibeba mwenyewe kutoka barabarani. Paa la mama lisingeweza kuzihimili, kwa hiyo tukazisimamisha chini, juu ya nguzo za chuma kando ya kisima.

Fundi alitoka Embu, kijana mwenye maneno mengi. Nguzo ziliposimama nilifikiri tumemaliza. Akasema bado. Vyuma vyote, alisema, lazima viunganishwe kwa waya mmoja wa shaba, na rangi ikwanguliwe kila penye boliti ili shaba iguse chuma chenyewe. Kisha waya uende kwenye fimbo za chuma zilizopakwa shaba, zilizozama ardhini.

"Waya ya ndani ikichubuka, stima itapanda kwa hizi nguzo," alimwambia mama. "Shosho ukigusa, inakutupa kule. Tukiweka athi, hii waya ya kwenda ardhini, inashuka chini, inakusahau. Na radi ikipiga karibu, iwe na mahali ya kwenda."

Mama alipenda hilo la radi. Milima ya Nyambene hututumia radi nyingi kuliko mvua.

Fimbo ya kwanza ilizama kando ya kisima kwa taabu. Ya pili ilikataa, ikagonga mwamba kila tulipojaribu. Fundi akazunguka akitafuta udongo laini wenye majimaji, kwa sababu udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Akaupata kwenye migomba ya ndugu yangu, pale maji ya kuogea yanapomwagwa. Ndugu yangu alikuwa ameenda soko la Kangeta. Tukachimba mtaro ulionyooka kutoka nguzo hadi migomba, tukalaza waya, na fundi akapigilia fimbo mpaka kichwa chake kikakaribia kulingana na ardhi. Niliitazama kazi ile nikaiona kuwa ni njema sana, kama Mungu siku ya sita.

Ndugu yangu aliporudi alisimama juu ya mtaro. Akatazama chuma cha huku, akatazama chuma cha kule. Majirani zetu walikuwa wametoka tu kugawana shamba, na sorveya aliyewapimia aliwaachia bikoni za mpaka, vyuma vya namna hiyo hiyo, vichwa vikichungulia. Shamba letu bado liko kwa jina la marehemu baba.

"Profesa," aliniita. Sijawahi kuwa profesa. Kwetu hilo ni jina la mtu anayepiga simu kuuliza bei ya mahindi yaliyo shambani kwao. "Sorveya wako ameenda wapi?"

"Ni fundi wa sola. Hiyo ni athi."

"Na huu mpaka pia ni athi?"

"Ni mtaro wa waya."

"Waya inatafuta nini kwa ndizi zangu?"

"Unyevu," nikasema.

"Mama, umesikia? Mtoto wako ametoka Nairobi kutafuta unyevu kwa ndizi zangu!"

Nikafanya kosa la watu wa aina yangu: nikaeleza. Nilichutama, nikachora kwa kijiti kwenye vumbi: nguzo, waya, mishale ya umeme ikishuka chini. Nilipoinuka niliona nilichokuwa nimechora. Lilikuwa shamba letu, limekatwa vipande viwili. Yeye alikuwa ameshaliona.

"Mzee, bikoni haifungwangi na waya," fundi alijaribu.

"Wewe nyamaza. Nani amekuuliza?"

Mama alikuwa mlangoni na kikombe mkononi. Hakupaza sauti.

"Kijana, ng'oa."

"Shosho, bila hii siwezi kusema kazi iko sawa."

"Ng'oa. Radi huja ikaenda. Hawa wawili nitabaki nao."

Nilimwambia ni maisha yake tunayoyazungumzia. "Ndiyo," akasema, "ni yangu."

Fimbo zote mbili zikang'olewa. Nilitarajia ndugu yangu aone haya, angalau kidogo. Alimsaidia fundi kuzitikisa.

Pampu inafanya kazi. Jua likiwa kali, mama hazigusi nguzo, na mbuzi aliyekuwa akifungwa karibu nazo amehamishwa. Mtaro haukufukiwa. Niliporudi Krismasi nilikuta ndugu yangu amepanda majani ya nepia ndani yake, mstari mmoja kutoka nguzo hadi migomba. Alisema udongo ulikuwa umeshachimbwa, ungeharibika bure. Hakuna mzee wa ukoo aliyeitwa, wala sorveya hakukanyaga pale. Siku hizi nikitaka ndizi, nanunua sokoni.

Mawingu yakijikusanya juu ya Nyambene, mama huvaa gambuti za mpira alizonunuliwa na ndugu yangu, hilo lazima niliseme, akafuata ule mstari wa nepia mpaka kwenye swichi ya pampu. Kisha hunipigia simu.

"Nimezima."

"Vizuri, mama. Kwani yeye hayuko hapo akuzimie?"

"Yuko," anasema. "Anasema swichi iko upande wako."