Baruti Mbovu ya Baba Neema

Mimi ni mlinzi hapa Johannesburg, na bastola yangu ina leseni. Majuzi niliamua kujijazia mwenyewe risasi za mazoezi, nyumbani Rosettenville. Kasongo, anayetufundisha kulenga shabaha klabuni, alinielekeza: pachika fataki, kile kidude kinacholipuka na kuwasha baruti, kwenye ganda la risasi, tia baruti, kisha kandamiza kichwa cha risasi. Rahisi! Nikashinda kutwa nikijaza, huku nazozana na mke wangu aliyeitaka meza yake.

Klabuni nikafyatua. Ikalia “pa!” hafifu, kichwa cha risasi kikanasa ndani ya mtutu.

“Simama hapo!” Kasongo akaniwahi. “Eish, baruti uliweka kweli?”

“Niliweka! Duka limeniuzia baruti mbovu!”

Nikafoka mbele ya wanachama wote kwamba wauzaji ni matapeli na duka lifungwe. Sikuishia hapo. Nikampigia mke wangu, nikaweka spika ili kila mtu asikie.

“Mama Neema, nisomee jina lililoandikwa kwenye kopo la baruti. Nawashtaki hawa!”

“Subiri kidogo, Baba Neema,” akajibu kwa utulivu. “Ngoja nichane plastiki ya dukani. Kumbe hata hukulifungua?”