Dereva Aliyekataa Nyama Yangu

Nimewaona madereva wengi katika maisha yangu, na karibu wote nimewaona wakiwa wameinamia sahani. Hoteli yangu ilikuwa hapa Igowole, ukingoni mwa barabara, matofali mabichi chini na mabati juu. Malori yaliyotoka Iringa na chumvi, vitambaa na mafuta ya taa yaliingia huku kwanza kugawia maduka ya Mufindi, ndipo yakarudi njia kuu kwenda Mbeya, na mengine yakafika mpaka Chunya kwenye dhahabu. Miaka hiyo ya hamsini dereva alikuwa mtu mkubwa. Alishuka na kofia yake, watu wakampisha, kitambi kikatangulia. Sisi wenye hoteli tulimlisha bure, maana dereva akisimama, abiria waliokaa juu ya mizigo nao wanashuka na kula. Na dereva hulishwa nyama, tena yenye mafuta. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na mimi sikuwa mtu wa kuuvunja.

Bushiri alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote. Wazee wake walitoka pwani zamani wakafungua duka Iringa mjini, yeye akazaliwa hapo hapo na kusema Kihehe kama sisi. Akifika kwangu alikunywa supu ya mbuzi bakuli mbili, akala chapati nne, akamalizia na mbavu zinazochuruzika mafuta, na chai yake niliitia vijiko sita vya sukari. Nilimpenda kwa ajili hiyo, sioni haya kusema. Mimi mpishi, ningempenda nani mwingine?

Basi mwaka wa hamsini na nne, masika yalipokwisha, Bushiri alisimamisha lori mlangoni, akashuka, akaniamkia vizuri kama kawaida, kisha badala ya kuketi akaondoka zake kwa miguu. Alipanda kilima mpaka kanisani, akarudi ametota jasho na anahema. Nikamwekea supu. Akaisogeza pembeni kwa adabu, akaomba ugali wa ulezi na likolo, na chai isiyo na sukari.

Likolo ni mboga zetu za majani. Tunazila nyumbani, tena kila siku, lakini hakuna mwenye hoteli mwenye akili timamu aliyemwekea dereva likolo. Nilimpa sahani ya chakula nilichowapikia watoto wangu huku uso unaniwaka. Nilidhani ni siku moja tu. Wiki iliyofuata ikawa vile vile, na ya tatu, na ya nne.

Tena hayo hayakuwa yote. Lori lile liliwashwa kwa hendeli, chuma unachokiingiza mbele ya injini na kukizungusha kwa nguvu, na hiyo ni kazi ya utingo. Sasa Bushiri akawa anazungusha mwenyewe. Akashusha magunia ya chumvi pamoja na wapagazi, dereva mzima, kofia kichwani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Utingo wake, Silvester, mwanamume mwenye ndevu na watoto wawili, alisimama mikono mitupu hajui atazame wapi. Alikuja jikoni akaniuliza kwa siri kama nadhani bosi wake anataka kumfukuza kazi.

Maneno yakaanza. Wa kwanza walisema Bushiri amekuwa bahili hata kwa vitu vya bure, jambo ambalo mpaka leo sielewi linawezekanaje. Wengine wakasema amepewa mwiko na mganga. Halafu likaja lile lililonikata maini: kwamba Bushiri ni Mwislamu, na kama hali nyama ya mama Lea, yaani mimi, basi ile nyama haikuchinjwa kihalali.

Mimi ni Mlutheri, ndiyo. Lakini kila mbuzi aliyeingia jikoni kwangu alichinjwa na maalim Zubery, mzee wa watu aliyekaa nyuma ya soko, na kila mtu alilijua hilo. Au nilidhani wanalijua. Abiria Waislamu walianza kushuka, wakinusa, kisha wakavuka barabara kwenda kununua mahindi ya kuchemsha. Maalim Zubery naye alinuna, akasema jina lake linachafuliwa. Nikaapa kwamba Bushiri atakula nyama yangu mbele ya watu, apende asipende.

Jumamosi aliyotarajiwa nilimfunga mbuzi mbele ya hoteli badala ya nyuma. Maalim Zubery alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Lori lilipofika, kabla Bushiri hajaanza safari yake ya kanisani, nilimshika mkono mbele ya abiria wote na kumwambia asimame hapo atazame. Alisimama. Maalim akamwelekeza mbuzi kibla, akasoma bismillahi kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, akachinja. Nikachoma nyama pale pale, nikaileta kwenye sinia, nikamwekea mbele. Watu wakasogea karibu. Mimi nilikuwa nimeweka mikono kiunoni.

Bushiri alinitazama, nadhani ndipo alipofahamu nini kilikuwa kikisemwa. Alichukua kipande kimoja kisicho na mafuta, akakitafuna taratibu, akameza. Kisha akawageukia abiria na kusema, wala si kwa kelele, kwamba nyama ya hapa ni halali tangu siku ya kwanza na anayesema vinginevyo amwendee yeye. Watu wakaanza kuagiza. Yeye akainuka, akanifuata jikoni, akafunga mlango.

Aliketi kwenye kigoda changu. Akaniambia kwamba dereva mmoja wa njia ya kusini alizimia kwenye usukani, ndipo tajiri wao, mwenye malori, akawapeleka madereva wake wote kupimwa Mbeya. Daktari alimsikiliza Bushiri kifua, akampima msukumo wa damu kwa ule mpira wa mkononi, akamwambia moyo wake unavuta kama lori lililopakiwa tani mbili zaidi. Ilikuwa amwandikie tajiri siku ile ile kwamba hafai kuendesha. Bushiri alimwomba sana, na daktari akampa miezi sita. Apunguze mafuta, chumvi na sukari, atembee, autumikishe mwili. Miezi sita ikiisha arudi. Akikutwa vile vile, hatashika tena usukani.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu kwamba neno likifika kwa madereva limefika kwa tajiri, na tajiri hangojei miezi. "Mama Lea, mimi sijui kazi nyingine," alisema. "Nina miaka ishirini na mbili naendesha. Wakinishusha, watanipa ufagio nifagie gereji, niwafungulie geti wenzangu wakitoka. Hayo siyawezi."

Niliona aibu, nasema kweli. Nilikuwa nimemchinjia mtu mbuzi wa kumkomoa, na mtu yule alikuwa amekula kipande kile kwa ajili ya jina langu. Nilimwambia mdomo wangu umefungwa, na kwamba kuanzia siku hiyo chakula chake nitakijua mimi.

Na nilikijua. Maharage yasiyo na mafuta, yamekolea nyanya na vitunguu. Viazi mviringo vya kuchemsha na njegere mbichi. Uji wa ulezi asubuhi akilala hapa, peasi zikiiva. Kwa safari ya Chunya, ambako vumbi ni jingi na cha kula ni nyama choma na pombe tu, nilimfungia magimbi na mayai ya kuchemsha katika majani ya mgomba. Mara moja nilimhurumia nikatia samli kidogo kwenye maharage. Alionja kijiko kimoja, akakiweka chini, akaniuliza kama tajiri amenituma. Sikurudia.

Asije mtu akadhani yalikuwa rahisi. Mwezi wa pili wa masharti yale ya daktari alirudi kutoka Chunya hanitazami usoni, mpaka akakiri kwamba alipita penye moshi wa nyama akashindwa, akala sahani nzima na mifupa akailamba. Nilimgombeza kama ninavyowagombeza wanangu. Akapanda kilima cha kanisani mara mbili siku ile, katika ukungu wetu wa Mufindi ambao mbuzi wenyewe hawautaki. Nilikaa mlangoni namwona anapotea kwenye ukungu na kutokea, anapotea na kutokea, na moyoni nikasema huyu ni mwanamume. Mkanda wake ulianza kutobolewa matundu mapya kwa msumari. Kufika mwezi wa tano, ncha yake ilikuwa inamzunguka mpaka mgongoni, na alikwenda kanisani na kurudi akiongea.

Lakini liko jambo lililonishangaza kuliko mkanda. Silvester alikuwa akitamani leseni kwa miaka mingi, na miezi hiyo hiyo alimwomba Bushiri amfundishe kuendesha. Bushiri alijua vizuri kwamba akishushwa, tajiri atatafuta mtu anayelijua gari lile na njia ile, na mtu huyo ni Silvester. Angeweza kukataa. Angeweza kumfundisha nusu nusu, leo gia, kesho hakuna nafasi. Badala yake alimfundisha kila kitu: kusikiliza injini, kushuka mteremko bila kuchoma breki, kupita kwenye tope la Igowole, ambalo limewameza madereva wa Mbeya wenye majina yao. Nilimwona akimrudisha nyuma mara nane mlangoni kwangu kwa sababu hakuridhika. Sikuweza kuvumilia. Nilimuuliza kama ana wazimu, mtu anamwandalia mwenzake kiti chake mwenyewe.

Bushiri alikuwa anamenya peasi. "Huyu ana watoto wawili," alisema. "Gari likimshinda kilimani kwa sababu mimi nilimficha kitu, nitakula nini kikapita kooni?"

Akaendelea kumenya. Mimi nikaenda jikoni nikakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Miezi sita ikatimia. Walipita kwangu Jumatatu kwenda Mbeya, Bushiri kwa daktari na Silvester kwa mtihani wa leseni, wote katika safari moja. Bushiri hakula sana. Aliniambia wakimaliza salama watakuwa hapa Jumamosi mchana. Siku zile tano nilichoma ugali mara mbili, mimi ambaye sijawahi kuchoma ugali.

Jumamosi nilipika maharage na likolo, nikafunika, nikakaa mlangoni. Mlio wa lori lile niliujua kabla halijaonekana. Lilikuja likipanda kilima polepole, gia imebadilishwa mahali panapotakiwa, vizuri kabisa. Likatokea. Kwenye usukani alikaa Silvester, amevaa shati safi. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

Nilisimama, nikaketi tena. Nikaona geti la gereji na ufagio na Bushiri nyuma yake, na sahani niliyofunika nikataka kuitupia kuku. Silvester alisimamisha lori, akaruka chini anacheka, akaniambia, "Kamwene, mama Lea. Leseni nimepata." Sikumwitikia salamu yake. Nilimchukia kwa muda huo, Mungu anisamehe, mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Nilimuuliza tu bosi wake yuko wapi.

Silvester alinyoosha kidole nyuma, kule chini barabarani.

Nilitazama. Kwanza niliona kofia, kisha mabega. Bushiri alikuwa anapanda kilima kwa miguu, mikono anaitupa kama askari wa gwaride, koti amelitundika begani. Alikuwa ameshuka chini kabisa, kwenye daraja, na kumwachia Silvester usukani, kwa kuwa sasa yupo wa kuachiwa. Alinifikia hahemi. Alitoa barua ya daktari ya kumruhusu kuendesha kwenye mfuko wa shati na kunipa niisome, ingawa ilikuwa ya Kiingereza na mimi na yeye hatukijui. Nilishika ile karatasi juu chini, nikalia mbele ya abiria.

"Ameniuliza nimekula nini miezi yote hii," Bushiri alisema. "Nikamwambia likolo. Akaandika kwenye daftari lake, mama Lea. Akaniuliza inaandikwaje."

Nilimrudishia barua yake kabla sijailoweka. Nikamwambia akanawe mikono, chakula kinapoa.