Robo Sekunde ya Mama Mdogo

Mama mdogo alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha nguo, kwenye ukumbi wa mashine za kufuma, ambako hata ukipaza sauti hadi mishipa ya shingo ikutoke, hakuna anayekusikia. Wafumaji wa pale walizungumza kwa midomo tu. Walisengenyana, walitaniana, waligombana na kupatana bila sauti. Mpaka leo ukiongea naye hakutazami machoni. Anakutazama mdomo, na uongo wako anaukamata ungali kwenye meno.

Mimi ni mtoto wa dada yake, fundi wa kompyuta na runinga. Ndimi niliyemfungia sebuleni kompyuta ya kuonyeshea filamu, nikaiunga na runinga kubwa na spika zisizo na waya. Spika zile zilichelewesha sauti, basi nikaingia kwenye mipangilio nikaitanguliza sauti kwa robo sekunde, mambo yakawa sawa. Zilipokufa nikamwekea za waya, ambazo hazichelewi. Ile robo sekunde nikaisahau mlemle. Nikajaribu kwa mpira, dakika mbili, nikasema kazi imekwisha. Kwenye mpira nani anatazama midomo?

Wiki hiyohiyo akanipigia simu. "Mwanangu, hawa watu wako wanasikika kabla hawajafumbua mdomo."

Ningeweza kwenda kuangalia. Ni mwendo wa dakika kumi. Lakini fundi akiambiwa kazi yake ina kasoro, masikio hujaa pamba. Nikamjibu nikicheka, "Mama mdogo, hiyo si kompyuta. Ni uzee huo unabisha hodi."

Hakucheka. Akawauliza wajukuu, nao, macho yakiwa kwenye simu zao, wakasema hawaoni tatizo. Akamwuliza binti yake anayekaa mji mwingine. Binti akaniuliza mimi, mtaalamu, nikarudia lilelile. Maneno yangu yakaota miguu. Kufikia mwezi wa tatu ukoo mzima ulikuwa unajua kwamba mama mdogo anasikia sauti za watu wasiosema kitu. Wakamwondolea jiko la gesi asije akajiunguza. Yeye aliyekuwa na jibu kwa kila mtu akawa anaipima kila sentensi kabla ya kuitoa, halafu akaacha kabisa kuzitoa. Mwishowe akakubali kuhamia kwa binti yake, na nyumba aliyoijenga mwenyewe ipangishwe.

Jana nilikwenda kuifungua kompyuta ili ipakiwe. Nikaiwasha kwanza, ninakili picha zake. Msomaji wa habari akatokea: sauti, kisha mdomo. Nikafungua mipangilio, na namba ilikuwa palepale nilipoiandika kwa mkono wangu. Sijawahi kujiona mtu mdogo kiasi kile.

Nikairudisha kwenye sifuri, nikamwita. Alisimama mlangoni akitazama.

"Hapo," akasema taratibu. "Hapo sasa wanaongea."

"Ni mimi, mama mdogo. Nilikosea, halafu nikakusingizia uzee bila hata kuja kuangalia. Wewe huna kitu. Nisamehe."

Alinitazama mdomo kwa muda mrefu.

"Nimekuwa nikimwomba Mungu anirudishie akili," akasema. "Mpigie mdogo wako. Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Nikamweleza binti yake kila kitu: spika, mpira, robo sekunde, kiburi changu. Mama mdogo alikaa kando yangu, mikono imelala mapajani. Nilipomaliza, binti akaongea kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia kitandani kwa mgonjwa.

"Kaka, una moyo mzuri sana. Lakini usimtetee, utazidi kumchanganya."

"Simtetei! Naapa, kosa ni langu."

"Najua unampenda," akasema. "Gari linakuja Jumamosi."