Nyama ya Mbuzi na Ndevu

Harufu ya nyama ya mbuzi jikoni hunirudisha uani kwetu Gisenyi, siku mama alipomgawia rafiki yangu kipande, naye akakila mpaka akalamba vidole. Mama yake, mke wa katekista, alitukuta. Alimsugua mdomo kwa majivu, kisha akamgeuzia kidevu kwenye jua, akakikagua.

"Mwanamuke akikula mbuzi, anaota ndevu," alimwambia mama kwa sauti ya kufundisha.

Mama alimsogezea uso wake. "Nitazame, dada. Mi nakula tangu utoto. Ndevu iko wapi?"

Yule mjinga, aliyejivunia kujua kusoma, alimtazama kwa makini.

"Nyinyi Waislamu, yenu inaota ndani."

Akamvuta mwanawe mkono. Hatukucheza naye tena.