Yoga Juu ya Duka la Dawa za Mifugo

Mdogo wangu aliporudi Meru kutoka Nairobi hakuja na mume wala gari, vitu viwili ambavyo ukoo wetu ulikuwa umemwombea kwa miaka mingi. Alikuja na mikeka ya mpira ya rangi ya zambarau, imekunjwa kama mabomba ya maji, na cheti kilichosema kwamba sasa yeye ni mwalimu wa yoga. Mimi nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi, na nilikaa chuoni muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kushika chaki. Yeye ualimu wake aliusomea wikendi. Nilikitazama kile cheti, nikamrudishia, na alinielewa.

Alikodi chumba ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, hatua chache kutoka sokoni. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na wateja. Nilimwambia pale pananuka kama josho. Alisema mtu akijifunza kuvuta pumzi vizuri, harufu haimsumbui. Nilimwambia ng'ombe pia huvuta pumzi vizuri na bado hulikimbia josho.

Mimi mwenyewe nilienda kwa sababu ya mgongo. Daktari alikuwa ameniambia ninyooshe viungo, na nilitaka pia kuuona ule upuuzi kwa macho yangu. Tulikuwa wanawake wachache: wauguzi wawili, karani wa kaunti, mwenye saluni ya jirani, na mimi niliyevaa suruali ya mume wangu kwa sababu sikuwa tayari kuvaa ile mirija ya kubana waliyovaa wenzangu.

Mdogo wangu alikuwa ameshika wazo kwamba watu wa Meru hawafuati jambo wasiloelezwa. Kwa hiyo kila somo alilianza kwa kitu alichokiita jambo la kushangaza. Siku ya kwanza alituambia kwamba neno yoga, katika lugha ya Kihindi ya kale, linatokana na kufunga nira, yaani kuunganisha, kama vile ng'ombe wa kulima wanavyounganishwa. Alilisema kwa sauti ya chini, kama anayefunua siri. Wauguzi wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilifikiria shamba la wakwe zangu kule Mitunguu, ambako sijawahi kuona fahali akipanda ngazi kwa hiari yake ili afungwe nira.

Siku nyingine alisema kwamba majina ya mikao yote huishia na neno ambalo maana yake ni kuketi, na kwamba wale wazee wa kale waliketi tu, wakafikiri. Mengi ya haya ya kusimama kwa mguu mmoja na kuinua makalio juu yalikuja juzijuzi, karne iliyopita, yakichanganywa na mazoezi ya Wazungu ya kujenga mwili. Alidhani anatupendeza.

"Kwa hiyo," nilimuuliza, "hii ndiyo ile michezo ninayowafundisha watoto wa darasa la nne uwanjani?"

"Dada, inua tu mkono," alisema.

Niliinua. Mambo ya kushangaza hayakukoma. Alitueleza kwamba kwa muda mrefu yoga ilikuwa ya wanaume, na mwanamke aliyetaka kujifunza alifukuzwa mlangoni. Mwenye saluni alifurahi sana kusikia hivyo, kana kwamba ametwaa uhuru. Mimi niliona jambo la kawaida kabisa: wanaume walijifungia kitu kwa karne nyingi, na kilipogeuka kuwa jasho tupu wakatuachia. Alitueleza kwamba mikeka ya mpira ni ya juzi, kwamba zamani watu waliketi juu ya nyasi au ngozi ya paa, na wengine juu ya ngozi ya chui milia. Nilipiga hesabu nikaona mkeka niliolalia ni mdogo kwangu kwa umri. Alitueleza kwamba mtu mmoja alipelekwa angani kwa roketi akafanya yoga huko huko, akielea. Karani wa kaunti aliuliza huko angani mtu hujuaje kama amesimama au ameanguka. Mdogo wangu alituamuru tuinue mkono wa pili, na swali lile nalo likawa jambo la kushangaza.

Kisha akaja mfanyabiashara wa miraa kutoka Laare. Alikuwa mtu mnene, mwenye gari kubwa na simu tatu, na alitufuata sisi wanawake ghorofani bila aibu hata kidogo. Alisema hapati usingizi. Biashara yake ilimfanya aamke mizigo ikifungwa alfajiri, na bidhaa yake yenyewe, ambayo aliitafuna kutwa ili kuwaonyesha wanunuzi kwamba ni mbichi, ilifanya yaliyobaki. Mazoezi hakuyaweza. Alipoambiwa ainame kama mbwa alipiga magoti akapumua kama injini ya posho mill inayosaga mahindi. Nilimdharau kwa moyo wote.

Lakini kila somo liliishia kwa mkao mmoja wa kulala chali, mikono imeachiliwa, macho yamefungwa. Mdogo wangu alisema unaitwa mkao wa maiti, na kwamba wajuzi huuhesabu kuwa mgumu kuliko yote kwa sababu mtu aliye hai hawezi kutulia. Hilo ndilo jambo lake pekee nililolishuhudia likipingwa palepale. Yule mtu wa Laare alilala chali na kabla hajafunikwa shuka alikuwa anakoroma. Alikoroma hadi wateja wa chini wakauliza kuna nini. Mdogo wangu alikataa aamshwe. Tulimruka tukashuka ngazi.

Alirudi kila siku ya somo. Mkao wa maiti ndio pekee aliouweza, na aliuweza kuliko sisi sote.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mwanamke mmoja aliyepanda kuuliza dawa ya kuku, akakosea mlango, alikuta watu wamelala wamefunikwa shuka nyeupe na mdogo wangu akitembea kati yao akinong'ona. Kufikia Jumapili ilijulikana kanisani kwetu kwamba dada ya mwalimu anaua watu na kuwafufua, na kwamba tajiri wa Laare ameuza roho yake, ndiyo maana sasa analala.

Mama mchungaji aliita kikao cha akina mama baada ya ibada. Ni mwanamke aliyependa sana neno "roho", na alilitumia kwa kila kitu isipokuwa kujichunguza. Alisema kuna nyoka humo ghorofani, maana upo mkao unaoitwa wa nyoka. Alisema kuna miti inayoabudiwa, maana upo wa mti. Kisha akanigeukia, akaniomba mimi, kama dada mkubwa na kiongozi wa akina mama, nieleze.

Nilisimama. Nilisema kwamba nimelala pale mara nyingi na sijawahi kufa, ingawa nimechoshwa sana na maelezo. Nilisema kitu pekee kilichonitisha ni harufu ya dawa ya kupe. Nilisema mdogo wangu hajui vya kutosha hata kumpotosha mbuzi, sembuse tajiri. Wachache walicheka. Mama mchungaji hakucheka. Aliomba sala ndefu kwa ajili ya familia yetu, na akina mama wakakubaliana kwamba hakuna mshirika atakayepanda ngazi zile tena.

Wauguzi waliacha. Karani aliacha. Mwenye saluni alisema haogopi, kisha naye akaacha. Mdogo wangu aliendelea kufundisha watu wawili, mimi na yule mtu wa Laare aliyekuwa usingizini, na nilimwona akikonda. Siku aliyofunga chumba nilienda kumsaidia kukunja mikeka. Sikumwambia pole, kwa sababu angelia, na mimi pia. Alihamia Embu, ambako rafiki yake alikuwa na ukumbi wa mazoezi. Mikeka mingi alimwachia mwenye duka.

Miezi michache baadaye mama mchungaji alirudi kutoka kongamano la wake za wachungaji jijini, na katika ukumbi wa kanisa kikaanzishwa kitu kiitwacho Unyooshaji wa Kiroho. Nilienda, kama kiongozi. Nilipofika nikaikuta mikeka ya zambarau, ileile aliyoachiwa mwenye duka, imetandazwa sakafuni kwa safu. Wauguzi walikuwepo, karani pia. Ule mkao wa nyoka sasa uliitwa Nyoka wa Shaba, kwa heshima ya Musa. Wa mti ukawa Mwerezi wa Lebanoni. Wa mtoto ukawa Samweli Hekaluni. Tulipolala chali mwishoni, mama mchungaji akatuambia kwa sauti ya chini kwamba huu ni Lazaro, nasi tusubiri kuitwa.

Nilibaki nimelala na macho wazi, nikitazama mabati. Aliniinamia akaninong'oneza, "Mwalimu, funga macho, utulie."

"Mama, huu ndio ule uliotukataza," nilimwambia.

Alisema hapana, ule ulikuwa wa Wahindi. Kisha akasogea kwa mwingine.

Likizo ya Agosti nilikwenda Embu kumwona mdogo wangu. Ukumbi wake ulijaa walimu, mafundi, na wafanyakazi wa ofisini waliotoka kazini. Nilikaa nyuma nikisubiri jambo la kushangaza, na halikuja. Aliwaambia inua, shusha, pumua, basi. Baadaye, tukinywa chai kwenye kibanda cha barabarani, nilimuuliza yako wapi yale mambo yake ya nira na ngozi ya chui milia.

"Huku hakuna aliyeuliza," alisema.

Nilimsimulia habari za Nyoka wa Shaba na Lazaro. Nilitegemea akasirike, nami nilikuwa nimejiandaa kukasirika pamoja naye njia nzima. Alicheka mpaka chai ikammwagikia mapajani. Kisha akataka nimwonyeshe jinsi mama mchungaji anavyosimama kama mwerezi, nami nikasimama kando ya barabara, kwa mguu mmoja, nikamwonyesha.