Sufuria za Skuta na Ndovu wa Pwani

Mama yangu alilazimishwa kuchimba mtaro wa mkoloni, ule wa kututenga na msitu walimokuwa wapiganaji wetu, na tangu hapo hakumsamehe mtu yeyote aliyemwambia asipite mahali. Miaka michache baada ya uhuru, akina mama wa kanisa letu pale kijijini Skuta, kule bara, walikodi basi kwenda kuona hifadhi ya wanyama ya pwani. Yeye alikuwa na jambo moja tu moyoni. Alikuwa amesikia kwamba mwisho wa hifadhi kuna mwamba ambao ukisimama juu yake unaiona bahari. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alitaka kuiona kabla hayajapofuka.

Tulikuwa tumeshuka kula githeri tuliyobeba kwenye sufuria, ndovu walipotoka kichakani. Wazungu waliokuwa kando wakainua kamera. Mama zetu wakainua sufuria. Kwetu ndovu akitokea, mahindi yamekwenda, na mikono haingoji kuambiwa. Walipiga vifuniko kwa miiko huku wakipaza sauti, na ndovu wakageuka na watoto wao wakarudi walikotoka.

Askari wa hifadhi alikuja amevimba. Alisema tumewaharibia wageni, tupande basi tutoke, mwambani hatufiki. Niliona aibu, sitaficha. Mimi, mwalimu mzima, nilianza kuomba radhi. Kisha lile neno wageni likanichoma. Sisi tuliosafiri siku mbili tulikuwa nani?

Mama alikuwa ameshaketi katikati ya barabara, kifuniko mapajani.

"Mimi sitoki," alisema. "Ndovu ikikula mahindi yangu, hakuna askari anakuja. Ati hii uhuru ni ya ndovu peke yake?"

Nikaacha kuomba radhi, nikaketi kando yake na gauni langu la Jumapili. Wenzetu nao wakaketi, mmoja mmoja. Hakuna gari lililopita, hata la wale wenye kamera. Askari alituzunguka, akavua kofia, akaivaa tena, mwishowe akasema twende kwa miguu, upesi, na sufuria zibaki.

Mama alikwenda na kifuniko chake. Juu ya mwamba alikaza macho kwa muda mrefu, kisha akamuuliza askari maji yale yote ni ya nani, na wameyachimbia mtaro upande gani. Askari akasema hayana mwenyewe, wala mtaro.

"Sasa usiniharakishe," mama akamwambia, akatandika leso yake akaketi.