Namba ya Kaka

Msusi huyu mtaa mzima ulimwita Redio, na wala hawakumsingizia. Ukikaa kwenye kigoda chake na nywele timtim, uliondoka umesukwa ukapendeza, na habari za ndoa tatu umezipata. Lakini jambo moja hakuwahi kulitangaza. Kifunguamimba wake, mtoto wa kiume, alikufa kwa homa hata meno hayajamaliza kuota, na mama mtu hakwenda kuripoti. Jirani aliyemsihi akachukue cheti cha kifo alifukuzwa kama kuku jikoni.

"Mwili nimeuzika, inatosha," alisema. "Jina lake siwapi."

Hata alipokuja kuzaa binti, kila aliyepita kuuliza idadi ya watoto alijibiwa: wawili. Na binti mwenyewe aliambiwa kaka yuko safarini. Jamani, uongo wa mapenzi nao ni uongo! Binti alikua akimsubiri. Akichokozwa shuleni, aliwatishia wenzake, "Ngojeni kaka yangu arudi, mtanitambua."

Ndipo serikali ikatoa agizo. Matapeli walikuwa wakiiba namba za vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kusajilia laini za simu; mtoto wa watu akija kukua, anajikuta na kesi asizozijua. Basi kila mzazi afike ofisi ya vizazi na vifo, namba ya mwanawe ifungwe mpaka awe mtu mzima. Agizo la maana, tusiwanyime haki yao. Redio akafunga saluni, akaenda na binti yake.

Karani, kijana mpole mwenye mafua, aliifunga namba ya binti bila shida. Kisha akaikodolea macho kompyuta.

"Huyu mwanao mkubwa aliyeandikishwa hapa hatuwezi kumfungia, mama. Keshakuwa mtu mzima. Ana laini ya simu, na inatumika mpaka leo."

Kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, Redio aliamini. Aliona kijana mrefu, mwenye ndevu, anacheka na simu sikioni.

"Kaka ana simu?" Binti alikuwa anarukaruka, anamvuta gauni. "Mama, tumpigie! Tumpigie sasa hivi!"

"Hapana, msipige," karani alisema, akashusha sauti. "Laini hiyo imetapeli wazee wa watu, na polisi wanamsaka mwenye jina. Kama ni mwanao kweli, mshauri ajisalimishe. Kama namba yake imeibwa, naifuta leo hii. Ila lazima uniambie wewe mwenyewe, mama. Mwanao yuko wapi?"

Redio aliitazama ile kompyuta. Mtoto ambaye hakuwahi kuiba hata sukari ya kulamba, leo anaitwa mwizi, anasakwa! Akinyamaza, jina litabaki hai, na uchafu wote juu yake. Akisema, basi tena. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

"Mama?" karani aliuliza.

Hakumjibu yeye. Alimgeukia binti yake.

"Kaka yako alikufa," alisema. "Alikufa zamani, wewe hujazaliwa. Nilikudanganya, mwanangu."

Karani akaanza kuandika. Binti alijitoa pembeni ya mama yake, akaenda kukaa benchi la nyuma kabisa, katikati ya watu asiowajua.